Rangi ya Kucha Juu ya Pampu ya Maji

6 Machi

Kaka,

Jana mchana Baba alisema, mbele ya Mama na Mjomba, kwamba gari liuzwe kwa mnunua vyuma chakavu. Nimelitanguliza hilo ili usisome salamu, ukaridhika, ukaikunja barua. Sasa salamu. Sote wazima. Goti la Mama limetulia tangu aache kupanda kwenye kiti kutafuta vitu ambavyo viko chini ya kiti. Mjomba bado ananyoa watu na kuwasimulia habari zetu, na wateja hawapungui. Mimi nina sare za shule tisini za kushona na cherehani moja inayokohoa.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu unaijua simu ya nyumbani. Baba huiweka sauti ya juu kabisa, akaishika mbali na uso, na mtaa mzima ukashiriki. Na jambo hili sitaki alisikie.

Gari liko palepale gerejini, chini ya turubai, mwaka wa saba huu. Tangu siku lilipochemka likavutwa kwa kamba kutoka kilimani, Baba hajaingia humo. Jembe lake liko humo; amenunua jingine. Mtu aliyeendesha gari la wagonjwa miaka thelathini na mmoja bila kukwaruza hata kioo cha pembeni, siku hizi akipewa lifti hukaa nyuma. Alisema siku ile kwamba mshale wa joto ulikuwa umelala chini hadi injini ilipozimika. Hakuna aliyemwamini. Wewe ukambandika jina la Mvuke, Mjomba akalitangaza, na jina likashika.

Nimemwomba Baba anipe mpaka mwisho wa Septemba. Nitalitengeneza mimi. Akasema, "Wewe shona nguo." Nikamwambia nguo nazo nashona. Ninachotaka ni kimoja tu: Baba arudi kwenye usukani. Kitabu chako cha matengenezo ninacho, ingawa kurasa zake nyingi zimegandana kwa grisi. Niambie nianzie wapi.

Mdogo wako,
Sindano


27 Machi

Sindano, mdogo wangu,

Barua imefika ikiwa na uzi mweupe ndani ya bahasha, kwa hiyo nimeamini ni yako. Mimi mzima. Kituo chetu cha pampu kimepata msimamizi mpya anayevaa kofia ngumu hata mezani kwa chai. Mji mzima unakunywa maji kwa mikono yangu, na hakuna hata mmoja anayenisalimia.

Nimecheka, kisha nimeacha kucheka, kwa sababu nakujua. Haya. Kwanza toa betri, imeshakufa, usiihurumie. Mwaga oili yote. Toa plagi nne, tia matone ya oili kwenye kila tundu, kisha zungusha injini kwa mkono, polepole, kwa spana kubwa. Ikizunguka, una gari. Ikigoma, una kabati la chuma.

Ikizunguka, fungua hedi. Hiyo ndiyo sehemu ya juu ya injini. Usije ukafungua ya chini ukaniandikia kwamba umeona miguu. Gasketi, ile karatasi ngumu ya kuziba iliyo chini yake, lazima imeungua. Siku ya kurudisha, usikaze bolti za hedi kwa mfululizo kama unayeshona pindo la gauni. Anzia katikati, uende nje kwa kupokezana, mara tatu, kila mara ukiongeza nguvu.

Pampu ya maji usiiguse. Niliifunga mwenyewe wiki ile niliyoondoka. Iko sawa.

Msalimie Mvuke. Au usimsalimie kwa jina hilo, msalimie tu.

Kaka yako,
Injinia


18 Aprili

Kaka Injinia,

Salamu kutoka kwa wote. Mama amesema unakonda. Nimemwuliza amejuaje, akasema mwandiko wako umekonda. Sare za shule nimemaliza themanini na nane. Mbili zimenishinda, watoto wenyewe wamekua nikiwa nashona.

Injini imezunguka. Ilitoa sauti kama mtu anayeamshwa kwa lazima, lakini imezunguka. Hedi imetoka. Kila bolti nimeiweka kwenye makopo yangu ya vifungo na kuandika kwa chaki ilikotoka, kwa hiyo leo nikikosea nitamshonea mteja bolti ya silinda ya tatu kifuani. Gasketi imeungua kati ya silinda ya pili na ya tatu, upana wa kidole. Hedi nimeipeleka kwa yule mwenye mashine ya kusawazisha vyuma. Ameilaza juu ya kioo, akapitisha karatasi chini yake, akasema imepinda kidogo na inatibika. Ule ushauri wako wa kuanzia katikati nimeuelewa. Ndivyo ninavyobana kitambaa mezani. Kumbe umeokota kitu kwenye chumba changu cha kushonea.

Sasa la pampu. Uliniambia nisiiguse. Kitabu, ukurasa wa 41, kinasema injini iliyochemka sana itolewe pampu ikaguliwe. Nimechagua kitabu, kwa sababu chenyewe hakijawahi kunikopa pasi nikaikuta na lami.

Pampu ina bolti tano. Zote tano zina ule mstari wako wa rangi ya kucha, kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye mwili wa pampu. Rangi ni ile nyekundu yangu; imepauka lakini ipo. Nakumbuka ulivyotufundisha: bolti ikishakazwa inapigwa mstari, ili ikilegea mstari ukatike na jicho lione. Bolti nne nilizifungua kwa spana na kwa jasho. Ya nne kutoka juu niliifungua kwa vidole viwili. Mstari wake haukuwa umekatika. Ulikuwa umenyooka kama mshono.

Wewe ndiye mtaalamu wa pampu. Nieleze.

Baba jana alipita mlangoni mwa gereji mara mbili. Alisema anatafuta paka. Hatuna paka.

Sindano


12 Juni

Mdogo wangu,

Samahani kwa kuchelewa. Tulikuwa na mafuriko ya karatasi kazini, msimamizi ameagiza kila pampu iwe na faili na kila faili liwe na faili. Halafu nikaumwa mafua. Halafu jirani akahamia na tarumbeta. Unaona mwenyewe.

Nimekutumia kifurushi. Ndani mna gasketi mpya ya hedi, gasketi ya pampu, mkanda, na glovu za mpira saizi yako ili usimshikie bibi harusi gauni kwa mikono ya oili. Gasketi ya hedi ina upande ulioandikwa "juu". Upande huo ukae juu. Nasema kwa sababu nimewahi kumwona mtu mzima, mwenye cheti, akiuliza.

Mama mwambie sijakonda, nimebadilisha kalamu.

Kuhusu ile bolti, chuma ni chuma. Miaka saba, joto, mtikisiko, vitu hulegea. Usiiwazie sana.

Tarumbeta limeanza. Naishia hapa.

Injinia


19 Juni

Kaka,

Wiki nane. Nimezihesabu kwenye kalenda ya ukutani, ile yenye picha ya ng'ombe. Kifurushi kimefika, asante. Glovu zinanitosha. Pole kwa mafua, pole kwa faili, na mpe pole zangu jirani, maana nadhani hana tarumbeta.

Mama mzima. Mjomba mzima, ila hajaja kula kwetu tangu Jumamosi iliyopita, na sababu ni hii. Baba alikwenda kwake kunyolewa ndevu. Kulikuwa na watu wanne wakisubiri. Mjomba alipomwekea kile kitambaa cha moto usoni, mvuke ukapanda, akasema kwa sauti ya kutangaza mpira, "Jamani sogeeni, shemeji yangu ameanza kuchemka!" Watu wakacheka. Baba mwenyewe huwa anacheka. Safari hii alikaa, akaacha anyolewe upande wa kulia wote, kisha akainuka, akashukuru, akatoka. Alitembea barabara nzima hadi nyumbani akiwa na ndevu upande mmoja. Aliyemwona akamwuliza "Vipi, Mzee?" naye akajibu "Salama." Upande wa kushoto bado uko. Mama ameshauri, Baba amesema utakaa.

Kwa hiyo habari ya bolti sikuulizi tena. Chuma hulegea, nimesikia. Mstari wa rangi unaolegea pamoja na bolti bila kukatika, hilo nimeliacha kwako.

Nakuuliza habari ya waya. Nyuma ya pampu, pale ambapo mkono haupiti vizuri, nimekuta waya mwembamba wa kijani umekunjwa na kufungwa kwa utepe mweusi kwenye bomba, kwa ufundi mzuri, mizunguko mitatu. Ncha yake haijachomekwa popote. Nimeufuata kwa kidole hadi ndani. Unatoka kwenye mshale wa joto. Nimeuchomeka kwenye sensa yake, kile kidude cha kupima joto kwenye injini, na kufunga betri ya jirani. Mshale ukatikisika. Nikauchomoa. Mshale ukalala chini kabisa, kama gari ambalo injini yake ni baridi, kama Baba alivyosema.

Utepe mweusi wa kuzungusha mara tatu ni wa nani katika familia hii?

Sindano


30 Juni

Mdogo wangu,

Hakuna tarumbeta.

Utepe ni wangu. Waya niliuchomoa ili mkono upite, nikaufunga usining'inie, nia yangu niurudishe nikimaliza pampu. Sikuurudisha.

Bolti nayo ni yangu, na hapa nitakuingiza na wewe kidogo, unisamehe. Siku ile ulikuwa umesimama mlangoni mwa gereji, mkono mmoja umepakwa rangi, mwingine bado, unadai chupa yako kwa sababu mnaondoka kwenda harusini. Ulisema, "Injinia, nahesabu hadi kumi." Bolti moja tu ndiyo nilikuwa nimeikaza. Nikazipiga mistari zote tano, nikakupa chupa, nikasema nitazikaza sasa hivi, si bado naziona? Ukafika saba. Nikakaza ya pili, ya tatu, nikiinyoosha kwa kidole mistari iliyokuwa bado mibichi, kisha Mama akaita kwamba gari la kunipeleka stesheni limefika. Nikakaza ya tano kwa sababu ilikuwa karibu. Ya nne nikaitazama, nikaona mstari, na akili ikaniambia imekwisha. Nilijidanganya kwa alama yangu mwenyewe.

Sijamaliza. Wiki ya pili baada ya kuondoka, Baba alinipigia simu akasema gari linakunywa maji, anaongeza kila asubuhi. Nikamwambia magari makuukuu yote hunywa maji. Nilimwambia hivyo nikiwa na fulana mpya ya kampuni ya pampu. Wiki ya tatu likachemka kilimani. Aliposema mshale ulikuwa umelala, niliukumbuka waya palepale, simu ikiwa bado sikioni. Nikatafuta la kusema. Nikasema, "Basi tukuite Mvuke." Mkacheka nyote huko, nikasikia. Nikaona jambo limepita.

Sasa umejua. Tafadhali mwambie Baba. Wewe unajua kuongea naye. Mwambie taratibu, baada ya kula.

Injinia


10 Julai

Kaka,

Mama na Mjomba wanakusalimu. Mjomba amekuja jana na ndizi, akala peke yake, akaondoka nazo.

Nimeisoma barua yako mara mbili, moja nikiwa nimekaa. Hesabu ya hadi kumi nakubali, niliihesabu. Nilifika saba. Tatu zilizobaki ningekuwa na adabu ningekupa. Hilo ni langu na nitamwambia Baba mwenyewe.

Lako ni lako. Mimi si posta. Jina ulilibuni kwa mdomo wako, ukalipeleka kwa simu kwenye sauti ya juu, mtaa mzima ukasikia. Unataka kuliondoa kwa kumtuma fundi cherehani, taratibu, baada ya kula? Na ukiniuliza kama atakasirika, sijui. Wewe ulimwogopa akiwa na ndevu zote. Sasa anazo nusu, ogopa nusu.

Habari za gari. Hedi imerudi imenyooka. Gasketi nimeiweka, "juu" ikiwa juu. Bolti kumi za hedi nimezikaza kutoka katikati, mara tatu, kwa bomba refu nililolivika kwenye spana, maana uzito wangu pekee hautoshi na Mama alikataa kuning'inia. Pampu nimeifunga, bolti tano. Nilikaza kwanza ndipo nikapaka. Rangi ya sasa ni ya zambarau, nyekundu siku hizi siivai.

Injini sitaiwasha. Nikiiwasha leo ikanguruma, Baba ataambiwa kwamba alilolivunja yeye nimelitengeneza mimi, na atashukuru. Sitaki ashukuru kwa uongo.

Mwandikie. Septemba haiko mbali, na mnunua vyuma amepita Alhamisi kuuliza.

Sindano


21 Agosti

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote. Humu ndani mna bahasha ndogo iliyofungwa gundi, yenye jina la Baba. Ni ya tano kuiandika. Nne za kwanza nilizichana, zilikuwa na maelezo mengi ya kiufundi na niligundua Baba hakuwa hata mahali popote ndani yake. Hii ina ukurasa mmoja. Nimeandika bolti, waya, ile simu ya maji, na jina. Sikukutaja, ukitaka utajitaja.

Mpe mchana, watu wawepo au wasiwepo, achague yeye. Nimeomba likizo kuanzia tarehe 15 Septemba. Msimamizi aliniuliza sababu, nikasema marekebisho ya pampu. Akaandika kwenye faili.

Kama atasema nisije, niambie mapema nirudishe tiketi.

Injinia


4 Septemba

Kaka,

Mama mzima, goti zima, paka bado hatuna. Nakuandikia yaliyotokea kwa mpangilio, bila kuongeza chumvi.

Jumatatu iliyopita, mezani, nilimpa Baba bahasha. Aliifungua kwa kisu cha mkate, akasoma, akageuza nyuma akakuta hakuna kitu, akasoma tena. Akaikunja, akaitia mfuko wa shati, akamwomba Mama chumvi. Nilimwambia habari ya chupa na hesabu ya hadi kumi. Akasema, "Ulifika ngapi?" Nikasema saba. Akasema, "Hm." Siku tatu shati lile hakulivua, Mama akalifua Alhamisi kwa nguvu baada ya kumnyang'anya.

Ijumaa asubuhi aliingia gerejini. Hakutafuta kitu chochote. Alisema, "Nionyeshe." Nikamwonyesha bolti ya nne, kisha waya. Waya aliushika muda mrefu.

"Huu ndio ulionifanya mwongo?"

"Ndio, Baba."

"Umeuchomeka?"

"Nimeuchomeka."

"Washa."

Nikawasha. Ilikataa mara mbili, ya tatu ikashika, moshi wa oili ya zamani ukajaa hadi tukakohoa. Baba hakuisikiliza injini. Aliinamia dirishani akitazama mshale tu. Ukaanza kupanda, polepole, ukafika katikati, ukasimama. Alitazama kama dakika kumi. Nikamwuliza kama anataka kukaa kwenye usukani. Akasema, "Bado. Kuna kwingine naenda."

Alikwenda kwa Mjomba. Nilimfuata kwa mbali, nimeshika gauni la mteja kama kisingizio. Aliingia, akaketi kwenye kile kiti, akatoa barua yako mfukoni, akampa Mjomba. "Isome," akasema, "kwa sauti ileile uliyotangazia mvuke." Walikuwapo wateja watatu. Mjomba akaanza kwa kelele, akafika kwenye waya, sauti ikashuka. Baba akasema, "Sikusikii, shemeji." Mjomba akapandisha. Alipomaliza, wateja wote walikuwa wamemgeukia Baba, mmoja ana povu kichwani. Baba akasema, "Sasa nyoa upande uliobaki." Mjomba alinyoa kwa mikono miwili. Akaomba radhi, Baba akaikubali, na kufika mchana huo mtaa mzima ulikuwa umeshaambiwa. Kwa kutangaza huyo hana mpinzani. Wewe jina lako jipya ni Bwana Kucha. Sikulibuni mimi. Nimelicheka tu.

Nilimwuliza Baba nikuandikie nini. Alifikiri, akasema niandike hivi, neno kwa neno: "Mwambie nilikuwa najua kwamba nilichokiona nilikiona. Ila baada ya miaka saba nilikuwa nimeanza kuchoka kujua peke yangu. Tiketi asirudishe."

Kisha akatoa maagizo, nami nimeyaandika kwa chaki ukutani. Jumamosi tarehe 16 gari litapanda kile kilima. Ataendesha yeye. Mama mbele. Nyuma kushoto Mjomba, na unajua upana wa Mjomba. Nyuma kulia mimi na dumu la maji. Wewe katikati, magoti kidevuni, na kazi yako ni kuusoma mshale kwa sauti kila baada ya dakika moja, kwenda na kurudi. Mnunua vyuma ameambiwa asipite tena.

Basi lako linafika saa mbili kasoro robo. Injini inawashwa saa tatu kamili, na Baba amesema hasubiri mtu.

Sindano